Rangi Nane

Kadi imefika leo, nzito kama tofali,
feni tatu, na bei ambayo naitaja kwa kunong'ona:
kodi ya miezi miwili na nusu hapa Hilltown, Dundee,
ghorofa ya tatu, dirisha lisilofunga sawasawa.
Nikiiwasha, mita ya umeme hukimbia kama mwizi.
Lakini chumba kinapata joto.
Paka wa jirani amekwishajua,
huja kulala juu ya sanduku la kompyuta.

Jirani mwenyewe ni Bi Morag Petrie, sabini na nne.
Jicho la kulia limefunikwa ukungu, la kushoto linajikongoja.
Ujanani alilehemu kompyuta za nyumbani
katika kiwanda ambacho sasa ni maegesho ya magari.
Zilikuwa ndogo kuliko sinia la chai,
vibonye laini kama kifutio cha mwanafunzi.
"Rangi nane," anasema. "Nane tu, na nyeusi ikiwemo."
Anazihesabu kwa vidole; kimoja kina kovu la chuma cha moto.

Tangu Oktoba namjengea ukumbi ule ndani ya kioo.
Yeye anasimulia, mimi naandika:
meza ndefu, taa zinazotetemeka,
wanawake thelathini na aproni za samawati,
redio iliyokatazwa, iliyokuwepo.
Leo, kwa kadi mpya, nimemwita aje aone.

"Mwanga unafuatwa uzi kwa uzi," namweleza.
"Unagonga meza, unaruka, unagonga shavu la mtu,
unachukua wekundu wake, unaupaka ukutani.
Halafu picha moja ndiyo inayochorwa kweli.
Tatu zinazofuata hukisiwa."
"Hukisiwa na nani?"
"Na kadi."
"Ilikuwepo?"

Sikuwa na jibu, nikabonyeza.
Wakaja, unywele mmoja mmoja,
jasho kwenye mdomo wa juu, nyuzi za aproni zilizochanika,
moshi wa risasi ukipinda kila mtu alipopumua.
Mwenye macho haambiwi tazama;
mimi mwenyewe, fundi wake, nilisahau kupepesa.

Bi Morag akasogea hadi pua ikakaribia kioo.
Akatazama kwa muda mrefu,
kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.
"Wazuri," akasema.
"Ni akina nani hawa?"

Kisha: "Punguza, Mwanaheri."
Nikazima nyuzi za mwanga.
"Punguza tena."
Nikazima vivuli, ngozi, moshi.
"Bado."
Nywele zikawa kofia, nyuso zikawa vigae,
ukumbi ukabaki miraba mikubwa ya rangi nane.
Feni zikanyamaza. Paka akahisi baridi, akashuka.

"Aa," akasema.
Kidole chenye kovu kikagusa miraba minne ya njano
na mmoja mweupe chini yake.
"Senga. Umechelewa tena, mtoto wee."
Akacheka peke yake, akamweleza Senga jambo
kwa Kiskoti cha haraka ambacho sikukifuata.
Mimi niliona miraba mitano.

Wanasema miaka michache ijayo hatutachora kitu.
Utataja ukumbi, ukumbi utajaa wenyewe,
na kadi, au kitakachoirithi, itakisia hata usichotaja.
Huenda. Nami nitanunua, najijua;
deni la hii halijaisha na macho yangu yapo dukani.
Zamani jicho ndilo lililokisia.
Lilipewa vigae vitano, likatoa rafiki.
Sijui programu ya kuandika sentensi hiyo.

"Na kile kigoda," akasema Bi Morag, akishika koti lake,
"umekifanya cha mbao. Kilikuwa chekundu."
Nikaweka mraba mmoja mwekundu.

Akavua koti. Akaketi.